Taa za nje zinawaka mchana kutwa, usiku zinabaki giza: swichi ya waifai imenishinda (Mbeya)

Baba Tumaini, mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Tunduma kazini. Nyumba iko Isyesye, Mbeya mjini, na familia iko huko. Narudi Ijumaa usiku, Jumapili jioni nageuza. Kwa sababu hiyo nilifunga swichi ya waifai kwenye taa za nje, ili nikiwa huku mpakani nichungulie simu nione kama geti lina mwanga na nyuma ya nyumba kuna mwanga, nilale.

Taa ziko nne, zote LED za kumulika mbali. Getini wati 30, ubavuni wati 20, nyuma kwenye banda la kuku wati 20, upenuni jikoni wati 10. Swichi ni ya gengi tatu: geti peke yake, ubavu na banda pamoja, upenu peke yake. Imefungwa sebuleni karibu na mlango, palepale ilipokuwa swichi ya kawaida.

Mke wangu ananiambia taa zinawaka mchana kutwa. Naingia kwenye apu nazima, zinazima. Kesho yake mchana zinawaka tena. Halafu usiku, ninapozihitaji, umeme ukikatika ukarudi zinabaki giza mpaka kesho. Juzi saa nane usiku mbwa walibweka sana. Mke wangu akaamka, friji inanguruma jikoni, kumbe umeme ulishakatika ukarudi, ila nje giza tupu. Akawasha kwa mkono. Asubuhi bati tatu nilizokuwa nimeziegemeza nyuma ya banda hazipo. Bati nitanunua nyingine. Kinachoninyima usingizi ni mtu kuingia uani wakati watoto wamelala nami niko mbali.

La tatu, taa ya upenuni ukiizima haizimi kabisa. Inabaki na mwanga hafifu kama kaa lililofunikwa majivu, na kila baada ya sekunde kadhaa inapepesa. Nimebadilisha taa, mpya nayo inafanya vilevile. Rauta nimeshaizima na kuiwasha mara nyingi. Aliyepitia haya anisaidie.

Fundi wa Sae

Pole mkuu, na pole kwa shemeji kwa hofu aliyoipata. Hapo una magonjwa matatu tofauti yamelala kitanda kimoja, usiyatibu kwa dawa moja.

Kabla sijasema kitu nijibu haya. Nyuma ya swichi kuna waya ngapi, na kuna nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme? Kwenye boksi la swichi kulikuwa na kidude kidogo cha plastiki chenye waya mbili fupi? Kimeenda wapi? Na ratiba ya kuwasha na kuzima aliiweka nani, kwa saa ngapi? Fungua apu, usinijibu kwa kukumbuka.

Mtu akifungua swichi, azime meni swichi kwanza, siyo swichi ya ukutani.

Mama wa Tukuyu

Wanangu, mimi taa yangu ya nje nayo ilipepesa hivyohivyo, nikahangaika na swichi mwezi mzima, kumbe taa yenyewe ina maji. Huku kwetu mvua mnazijua. Fundi alipoifungua, maji yalitoka kama kijiko cha chai hivi, na kile kiungio cha waya kimeota ukijani kama sarafu ya zamani. Waya ulikuwa umeingilia juu, kwa hiyo kila tone lililoshuka kwenye waya liliongozwa moja kwa moja hadi ndani ya taa. Boksi limeandikwa IP65, yaani haipitishi vumbi wala maji ya kurushiwa, lakini tundu alilolitoboa fundi halikuwa na IP yoyote.

Mwambie mkeo aangalie kioo cha taa asubuhi. Kama kina ukungu kwa ndani, anza na hapo.

Baba Tumaini

Shikamoo mama wa Tukuyu, asante. Nimempigia mke wangu, kioo cha upenuni ni kikavu. Cha bandani ameona kama jasho kwa ndani, upande wa chini. Hilo nalishughulikia Jumamosi.

Fundi, leo nimemwomba jirani, ni fundi msaidizi, azime meni na kufungua swichi. Amenitumia picha. Waya nne: nyekundu moja na nyeusi tatu. Anasema nyekundu ni laini, yaani waya unaoleta umeme, na nyeusi tatu ni za kwenda kwenye taa. Nyutro haipo. Kidude cha plastiki kipo, cheupe, kimefungwa kwenye kifuko pamoja na skrubu za akiba. Kilikuwa kwenye droo ya jikoni. Aliyefunga alisema ni akiba, hakina kazi.

Apu nitaifungua nikitoka kazini.

Fundi wa Sae

Hapo kwenye droo ya jikoni ndipo dawa ya upenu ilipolala, mkuu. Nieleze vizuri kwa sababu nyumba nyingi za Mbeya nzima, na nadhani Iringa na Njombe pia, zimetandazwa waya hivi.

Swichi ya kawaida haihitaji kula umeme. Ni daraja tu: limeungwa au limekatwa. Kwa hiyo mafundi tunashusha laini kutoka dari hadi kwenye swichi, tunarudisha ritani (waya wa kutoka swichi) hadi kwenye taa, na nyutro inabaki juu huko huko kwenye jankshen boksi, boksi la viungio vya waya. Waya unaokoa, kazi inaisha mapema. Hapakuwa na kosa lolote miaka yote hiyo.

Swichi ya waifai ni kikompyuta kidogo. Ina redio ndani, na redio lazima ile umeme saa 24 ili ikusikie ukiwa Tunduma. Itakula wapi kama haina nyutro? Inakula kupitia taa. Hata ukiizima, inaruhusu umeme kidogo sana upite ndani yake, uende kwenye taa, urudi kwa nyutro ya taa. Enzi za balbu za waya za wati 60 usingeona kitu, ule umeme kidogo haukutosha hata kuupasha moto ule waya. LED ni nyingine. Draiva ya LED, kile kifaa cha kuilisha taa umeme, ina kapasita (kitunza umeme kidogo) mlangoni, inakusanya tone kwa tone, ikijaa inaamka, taa inapepesa, inaishiwa, inaanza upya. Hiyo ndiyo kupepesa kwako kwa kila sekunde kadhaa. Na taa ndogo ndiyo inayosumbua zaidi, ndiyo maana wati 10 ya upenuni inalalamika na wati 30 ya getini imenyamaza.

Kidude cheupe ni kapasita ya kupitishia. Kinafungwa kwenye TAA, siyo kwenye swichi: mguu mmoja kwenye ritani, mguu mwingine kwenye nyutro, sambamba na taa. Ule umeme mdogo unapita kwenye kidude badala ya kuisumbua draiva. Soma mchoro uliokuja na swichi yako uone wanataka kiwe kwenye gengi lipi. Kikipotea, usichukue kapasita yoyote ya redio mbovu ukaiweka. Inatakiwa ile ya kundi la X2 iliyoandikwa volti 275 za AC, nyingi ni za mikrofaradi 0.1. Kapasita isiyo ya kazi hiyo ikichoka inaweza kuwaka moto, na iko darini kwako karibu na mbao.

Nawaomba na hili mlishike, hasa wenye swichi zisizo na nyutro. Umeme kwenye taa HAUKATIKI ukizima kwa simu. Ukipanda ngazi kubadilisha taa huku umezima kwa apu tu, unashika umeme. Zima breka ya taa au meni.

Mdau wa Njombe

Fundi, swali. Mimi nina nyutro kwenye swichi, nimeipima, na bado taa inabaki na mwanga hafifu. Haipepesi, ni mwanga tulivu tu, gizani ndipo unauona.

Fundi wa Sae

Mdau, zima swichi, halafu weka tesita kwenye skrubu zote mbili za taa. Kama kuna umeme upande mmoja wakati swichi imezimwa, huenda fundi wako alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laini. Taa inazima kwa sababu mzunguko umekatika, lakini taa nzima imebaki na laini. LED inapata umeme wa kuambukizwa na inawaka hafifu. Hilo ni la hatari kuliko mwanga wenyewe, rekebisha upesi.

Ila tesita ya bisibisi isikudanganye. Inawaka hata kwa umeme wa kuambukizwa, pale waya wa ritani unapolala sambamba na laini kwenye konduti moja ndefu. Ukiwa na mita, linganisha na nyutro. Na hata mita inaweza kukuonyesha volti 50 au 70 ambazo hazina nguvu yoyote, ukiweka mzigo zinapotea. Akikupimia mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni bora kuliko kubahatisha.

Kijana wa Mafinga

Kamwene wakuu. Fundi amemaliza upande wa waya, mimi niguse upande wa programu kwa sababu nimefunga nyumba kadhaa huku.

Baba Tumaini, taa kubaki giza umeme unaporudi mara nyingi siyo ubovu. Swichi nyingi za waifai zina mpangilio unaosema: umeme ukirudi nifanye nini? Chaguo ni tatu: baki imezimwa, washa, au rudi ulivyokuwa. Nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa kubaki zimezimwa. Waliozitengeneza wanafikiria mtu wa nchi ambayo umeme hukatika mara mbili kwa mwaka, na wanaogopa taa za chumbani zisimwamshe usiku. Ingia kwenye mipangilio ya swichi yenyewe, siyo ya ratiba, utaikuta kila gengi peke yake au zote pamoja.

Usichague "washa", chagua "rudi ulivyokuwa". Ukichagua "washa", umeme ukikatika saa nne asubuhi ukarudi saa tano, taa zitawaka mchana hadi ratiba ya kuzima ifike.

Sasa kuna shimo lingine chini ya hilo. Swichi nyingi hizi hazina betri ya kutunzia saa. Umeme ukikatika inasahau ni saa ngapi. Ukirudi, lazima ijiunge na waifai, iulize saa kwenye intaneti, ndipo ratiba ianze kufanya kazi. Rauta nayo imezimika pamoja nayo na inahitaji dakika mbili tatu kuamka. Na kama bando limeisha, hakuna wa kuiambia saa. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni ukarudi saa moja usiku huku bando limekwisha, ratiba ya jioni imepita na swichi haijui kama imepita. Inakaa kimya usiku mzima. "Rudi ulivyokuwa" haikusaidii, kwa sababu ilikuwa imezimwa.

Rauta nyingi ndogo zinatumia volti 12. Tafuta ile UPS ndogo ya rauta, kiboksi chenye betri za lithiamu, umeme ukikatika inaendelea masaa kadhaa. Umeme ukirudi rauta iko macho tayari, swichi inapata saa yake ndani ya sekunde chache.

Na tuonyeshe ratiba yako imeandikwaje. Pamoja na mahali ulipoiambia apu kwamba nyumba ipo.

Baba Tumaini

Wakuu, nimefungua apu hapa nikakaa kimya kama dakika tano.

Ratiba inasema kuwasha 12:45, kuzima 12:15.

Aliyeiweka ni kijana wangu wa kidato cha pili. Nilimwambia mwenyewe kwa simu: "Weka ziwake saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, zizime saa kumi na mbili na robo asubuhi." Naye akaandika nilivyomwambia. Apu ni ya masaa 24. 12:45 kwake ni saa saba kasoro robo MCHANA. Yaani taa zilikuwa zinawaka saa saba kasoro robo mchana, zinapita usiku mzima, zinapita asubuhi, zinazima saa sita na robo mchana wa kesho yake. Zinapumzika nusu saa, zinawaka tena!

Ndiyo maana nikizima kwa simu asubuhi, mchana zinawaka. Na umeme ukikatika usiku zinabaki giza hadi saa saba kasoro robo mchana, kwa sababu hakuna amri nyingine ya kuwasha kabla ya hapo. Yote mawili yamekaa pamoja na mimi nilikuwa nalaumu waifai. Wati 80 karibu masaa 24, hizo ni karibu uniti mbili kwa siku badala ya moja.

Kijana hana kosa hata chembe. Mimi ndiye nilitakiwa kumtajia 18:45 na 06:15.

Mahali pa nyumba imeandikwa Dar es Salaam. Ina tatizo?

Dada wa Kihesa

Kaka pole, hata mimi liliwahi kunipata hilo la saa, upande wa asubuhi. Sasa hivi kila ninayemfungia swichi namwandikia kwenye karatasi masaa mawili tu kwa mtindo wa 24 na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kijana wa Mafinga

Ina tatizo ukianza kutumia ratiba ya jua, ambayo ndiyo ninayokushauri uitumie. Apu inakuruhusu kusema "washa jua likizama, zima likichomoza", na inapiga hesabu kwa kutumia mahali ulipo.

Tanzania nzima tunatumia saa ileile, lakini jua halitumii saa yetu. Dar ipo nyuzi 39 na kitu mashariki, Mbeya nyuzi 33 na nusu hivi. Dunia inazunguka nyuzi moja kwa dakika nne. Kwa hiyo jua linazama Mbeya zaidi ya dakika 20 baada ya kuzama Dar, na asubuhi linachelewa hivyohivyo. Jioni huumii, unapoteza dakika ishirini za umeme tu. Asubuhi ndipo penye ubaya: taa zinazimwa kwa jua la Dar huku Isyesye bado giza na watoto wanatoka kwenda shule.

Na ratiba ya saa ileile mwaka mzima nayo haifai huko kwenu. Mwezi huu wa tano jua la Mbeya linazama kama saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu. Mwishoni mwa Januari ni saa moja na dakika kumi na kitu. Mwezi wa sita linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi, na ile 06:15 yako itakuwa inazima taa wakati bado kuna giza na baridi ya kukata masikio. Ratiba ya jua inajirekebisha yenyewe. Badilisha mahali kuwa Mbeya, hakikisha majira ya saa ni UTC+3 (saa ya Afrika Mashariki), jioni washa dakika kumi kabla ya kuzama, asubuhi zima dakika kumi baada ya kuchomoza.

Mdau wa Uyole

Nafuatilia kwa karibu. Mimi swichi yangu inapotea hewani kila siku, naomba msiniache.

Dada wa Kihesa

Mdau wa Uyole, anza na umbali na kilichopo katikati. Nyumba za matofali ya kuchoma zenye lipu pande zote mbili zinakula mawimbi vibaya, na kama boksi la ukutani ni la chuma, redio ya swichi imefungiwa ndani ya sufuria. Simama mbele ya swichi na simu yako, tazama waifai imebaki mistari mingapi. Simu yako ina antena nzuri kuliko swichi, kwa hiyo ukiona mistari miwili, swichi inaona mmoja.

La pili, swichi nyingi hizi zinajua masafa ya 2.4 GHz peke yake. Rauta za siku hizi zinatoa 2.4 na 5 kwa jina moja. Wakati wa kuunganisha simu imekaa kwenye 5, swichi inatafuta 2.4, hawaonani. Tenganisha majina kwenye rauta. Kama huwezi, toka na simu hadi mbali, uani au getini, hadi simu yenyewe ishuke kwenye 2.4, halafu uunganishe. Mimi nilifanya hivyo nyumba moja Gangilonga ikakubali mara ya kwanza baada ya kuhangaika siku mbili.

Na tafadhali, kama waifai yenu ni hotspoti ya simu ya baba, baba akiondoka na simu nyumba haina intaneti. Nimelikuta hilo zaidi ya mara moja.

Jambo jingine ambalo halijasemwa: wenye BALBU za waifai badala ya swichi. Nyingi zinarisetiwa kwa kuzima na kuwasha haraka haraka mara tatu hadi tano. Umeme wetu ukija ukaenda ukaja ukaenda, balbu inadhani wewe ndiye unairiseti. Inasahau waifai yako na inaanza kupepesa ikiomba kuunganishwa upya. Kwa taa ya ulinzi nje, bora balbu ya kawaida na akili iwe kwenye swichi.

Dereva wa Makambako

Yangu ni tofauti kidogo. Apu inasema imezima, swichi inatoa mlio wa "ta", lakini taa zinaendelea kuwaka. Nikiigonga swichi kwa ngumi zinazima. Nina taa sita kwenye gengi moja.

Fundi wa Sae

Dereva, acha kuigonga, toa hiyo swichi. Relei ndani, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, imeungana. Kwenye swichi wameandika ampea 10, tuseme taa zako ni za wati 30, mara sita ni 180 tu, haifiki hata ampea moja. Lakini hiyo 10 ni ya pasi na hita. Draiva za LED zinavuta umeme mwingi kwa ghafla pale zinapowaka, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, zote sita kwa pamoja. Kila jioni cheche ndogo, kila jioni, hadi vile vichwa vya relei vinashikana. Tazama mgongoni, mara nyingi wameandika kiwango cha LED peke yake na ni kidogo sana kuliko kile kikubwa. Weka kontakta, yaani relei kubwa ya kubebea mzigo: swichi iamrishe kontakta, kontakta ibebe taa. Au zigawe gengi mbili.

Nirudi kwa Baba Tumaini, hili nalisema kwa moyo wote. Taa ya geti na taa ya nyuma usiziweke mikononi mwa intaneti. Mwizi hasubiri bando lako. Funga fotoseli, kile kitambua mwanga, kwenye hizo mbili. Haihitaji waifai, haijui saa, haijui bando. Giza likiingia inawasha, umeme ukirudi usiku wa manane inaona giza na inawasha. Ukungu ukishuka saa tisa mchana itawasha mapema, sawa, hilo tunalitaka.

Ila ifungwe pasipofikiwa na mwanga wa taa yake yenyewe. Fotoseli ikiona taa yake itadhani kumekucha, itazima, itaona giza, itawasha, utakuwa na disko getini. Igeuze upande, itazame angani au ukuta usiomulikwa. Na laini yake usiipitishe kwenye swichi ya waifai, maana hapo swichi ikilala na fotoseli imelala. Ipe laini yake kutoka kwenye breka.

Mdau wa Njombe

Hapo napingana kidogo fundi. Swichi na fotoseli kwa mfululizo ina faida yake: swichi inabaki imewashwa siku zote, fotoseli inaamua, na ukitaka kuzima kwa simu unaweza. Ukiweka "rudi ulivyokuwa" haina shida.

Fundi wa Sae

Ni kweli inafanya kazi, na mtu anayeishi nyumbani hapo imtoshe. Baba Tumaini analala Tunduma, kama kilomita mia moja hivi. Mtoto akigusa swichi ile wakati anapita, taa ya geti imekufa hadi mtu agundue. Kwake mimi naitenga.

Na wenye sensa za mwendo msizipitishe kwenye swichi inayozimwa na kuwashwa na ratiba bila kujua kitu hiki: sensa ikipata umeme inahitaji kama dakika nzima kutulia, na katika muda huo taa inawaka tu. Mtu anadhani ni mbovu anairudisha dukani.

Baba Tumaini

Wakuu, ripoti ya Jumamosi na Jumapili. Nimesimamia kazi yote mwenyewe, nikishika ngazi.

Fundi mwenye leseni alikuja saa tatu asubuhi. Kidude cheupe tulikifunga upenuni, ndani ya jankshen boksi, ritani na nyutro. Kabla hajakifunga alipima pale kwenye taa, swichi ikiwa imezimwa, mita ikasoma volti 74. Baada ya kukifunga ikashuka sana. Usiku tukazima taa zote za ndani, mimi na watoto tukasimama uani kuitazama. Giza kabisa, hakuna hata kimulimuli. Yule wa kidato cha pili ndiye alishangilia zaidi.

Fotoseli mbili tumenunua Mwanjelwa. Ya geti imetazama ukuta wa jirani. Ya bandani ilifungwa mara ya kwanza chini ya paa, ikawa inawasha saa kumi jioni kwa sababu ya kivuli, tukaitoa nje kidogo ikatulia. Zote zina laini yake kutoka kwenye breka, swichi haizigusi.

Ubavu na upenu zimebaki kwenye waifai. Mahali ni Mbeya, ratiba ni ya jua, kila gengi limewekwa "rudi ulivyokuwa". UPS ya rauta nimeagiza, haijafika.

Mama wa Tukuyu ulisema kweli. Taa ya bandani tulipoifungua ilikuwa na maji na sisimizi wamefanya makao. Waya uliingilia juu. Tumeisafisha na kuikausha, waya sasa unashuka chini, unapinda kama ndoano, halafu unapanda kuingia kwa chini. Glandi, kile kiziba cha pale waya unapoingia, ya saizi yake haikupatikana Jumapili, kwa hiyo tumeziba kwa silikoni kwa muda.

Mama wa Tukuyu

Mwanangu silikoni isikae msimu mzima. Jua litaikausha, itaachia, na mvua za mwezi wa kumi na moja zitakukuta. Ndaga fijo kwa kutuletea majibu, wengi wakishapona hawarudi.

Mdau wa Uyole

Nimelifungua boksi langu la ukutani. Ni la chuma. Dada wa Kihesa, nabadilisha la plastiki kesho.

Baba Tumaini

Niko Tunduma tena. Mke wangu amenitumia ujumbe sasa hivi: umeme ulikatika saa nne na nusu usiku, umerudi saa tano na dakika kumi. Geti na banda ziliwaka papo hapo. Ubavu na upenu zikafuata. Amechungulia dirishani na kurudi kulala.

Mama, glandi nimeipata hapa Tunduma, iko mfukoni. Ijumaa naondoka nayo.